Bakuli la Ijumaa

Nawaandikia wanaolala wameketi. Mnajijua. Mnajua kila ufa wa ukuta unaotazamana na kitanda chenu, maana mmeukodolea macho mkingoja kifua kifunguke. Nawaandikia pia wanaolala chumba cha pili, wanaosikiliza pumzi za mtu mwingine na kuogopa zitakapokoma, kwa kuwa hao hakuna hospitali inayowapanga foleni. Pumu haijaniacha, lakini siku hizi inabisha hodi kabla ya kuingia, na hiyo ni adabu ambayo zamani haikuwa nayo. Kwa hiyo nina pumzi ya kusimulia, pamoja na lile jambo ambalo mke wangu, Zuwena, ameniambia nisipoliandika mimi ataliandika yeye, na hatabana wino.

Mimi ni mtu wa Kariakoo. Babu yangu alikuja kutoka Shihiri, Uarabuni. Baba akafungua duka la nguo jirani na Msimbazi, Wajerumani wakiwa bado ndio wenye mji. Vita vilipokwisha na bendera kubadilika, alinipeleka Misri. Nilikaa chuo kikuu miaka sita nikisoma falsafa na elimu ya nafsi, nikarudi na shahada moja, makoti mawili ya sufu na tabia ya kuwasahihisha watu wanapozungumza. Baba alikufa nikiwa huko. Barua ilinifikia arobaini imekwisha pita. Makoti yaliliwa na nondo. Shahada mama yangu, Bi Shamsa, aliitundika dukani kati ya kandili na kamba za katani, na mara mbili wateja wameniuliza inauzwaje.

Nikawa muuza kaniki mchana na mwandishi wa makala jioni, katika gazeti dogo lililosomwa na wale wale walioliandika.

Ugonjwa ulinianza masika, nilipokuwa nakaribia arobaini. Nilikuwa nampimia mama mmoja kitambaa, mkono umenyooka, na pumzi iliyoingia ikakataa kutoka. Nilisimama na kaniki yake hewani kama mtu anayetundika pazia. Yule mama alidhani nampunja. Alinifokea vizuri sana kabla ya kuona midomo yangu.

Tangu siku hiyo mwili ulianza kubadilika umbo. Mabega yalipanda kuelekea masikioni na hayakushuka tena. Kanzu zangu zote zikawa ndefu mbele na fupi nyuma. Mashimo yalichimbika juu ya mifupa ya shingo, kila pumzi yakizama. Kucha ziligeuka rangi. Nilijifunza kulala nimeegemea mito mitatu, kisha minne, kisha nimekumbatia kiti. Na sauti, ambayo ndiyo iliyokuwa mali yangu, ilikatika vipande. Mtu aliyezoea kusema robo saa bila kituo nikabaki na maneno matatu kwa pumzi moja. Zuwena alisema hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona katika ugonjwa ule. Alisema huku akinisugua mgongo, kwa hiyo nilimsamehe.

Mama alinipa asali na kitunguu, akanipa habasoda, akanipaka mafuta ya simsim kifuani mpaka nikanuka kama kaango. Halafu akamwendea Mwalimu Abushiri, mwenye chuo cha Kurani mtaa wa pili, akamwomba aniandikie kombe. Mnaolijua mnalijua: aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji ya waridi, na maji hayo mgonjwa akayanywa. Kila Alhamisi alasiri Mwalimu alileta kombe langu katika bakuli jeupe la bati, mama akalifunika kawa na kuliweka kwenye shubaka la chumba changu. Agizo lilikuwa nilinywe asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kula kitu.

Mimi, msomi wa Misri, sikulinywa. Sikuwa na ujasiri wa kulikataa mbele ya mama, wala unyenyekevu wa kulinywa nyuma yake. Nililiacha pale. Nikirudi msikitini Ijumaa adhuhuri nililikuta bakuli tupu, limeoshwa na kupinduliwa. Kombe halimwagwi ovyo; maneno ya Mungu hayatupwi chini yakakanyagwa. Nilidhani Zuwena hulimimina taratibu kwenye shina la mdimu wetu uani, palipo safi. Sikuuliza. Msomi haulizi swali ambalo jibu lake linaweza kumtia kazini.

Masika yalikwisha, kifua hakikujua. Ndipo nikaenda hospitali ya serikali.

Benchi la pale lilikuwa refu kuliko subira ya mtu yeyote aliyelikalia. Wapagazi wa bandarini walikuja na vidole vilivyopondwa na masanduku, wanawake na watoto wenye homa, na kila mmoja alimsogelea mwenzake kila jina lilipoitwa, ikawa kama tunasukumwa na maji. Niligundua kwamba mwisho wa benchi ulikuwa na nguzo ya kushika, na kwa mwenye pumu nguzo ni ndugu. Asubuhi moja nguzo ilikuwa imekaliwa. Mwanamke wa Kizaramo ambaye sikulijua jina lake aliniangalia ninavyohangaika, akasogeza furushi lake la nguo mapajani mwangu nilale juu yake. Jina lake lilipoitwa aliliacha furushi, akaingia mikono mitupu, akarudi kulichukua. Mpaka leo namwombea dua.

Aliyenipokea ndani alikuwa dresa mmoja, yaani mganga msaidizi, wa kutoka Kilimanjaro, Bwana Eliakimu, kijana mwenye mikono mikubwa na haraka ya watu wawili.

"Wewe ndiye mzee wa Misri," akasema, akiangalia kifua changu, si uso.

"Nani... kakwambia?"

"Umeandika kazi yako kwenye karatasi. Mistari mitatu. Wengine huandika 'kuli'." Alinipa kopo dogo. "Haya ni majani. Unaweka kidogo kwenye kisahani, unawasha, unavuta moshi. Basi."

"Majani... gani?"

"Ya kuchoma. Vuta pumzi kwanza, elimu itakungoja nje. Sasa nisikilize. Moshi tu. Usitafune, usichemshe, usinywe. Alikuwepo mmoja aliyekunywa, tukamkuta anamvalisha mbuzi kanzu."

"Mbuzi... akasemaje?"

"Mbuzi alipona," akasema Eliakimu, na hakucheka.

Ule moshi ulinisaidia. Lazima niseme hivyo kwa haki. Mara ya kwanza nilipouvuta kifua kililegea kama fundo la kamba iliyoloana, nikalala chali, na Zuwena akaja mara tatu kunigusa pua aone kama nimekufa. Kipupwe chote nilivuta asubuhi na jioni, nikapata mwili kidogo, nikarudi dukani, nikaandika makala juu ya uchafu wa mifereji.

Laiti ningeishia hapo. Alfajiri moja kifua kilibana sana, nikavuta kisahani cha pili juu ya cha kwanza, na nilipoinua macho baba alikuwa chumbani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dukani, mgongo kwangu, akipima kitambaa kwa mkono, kuanzia ncha ya kidole hadi kiwiko, kama alivyozoea. Nilisikia kitambaa kikikwaruza ukucha wake. Nilimwita. Hakugeuka. Kulipokucha kiti kilikuwa kitanda cha kamba na kitambaa kilikuwa chandarua changu.

Mtu mwenye akili angeogopa akavuta kidogo zaidi. Mimi nilinunua daftari.

Nilijiambia kwamba nachunguza fahamu ya binadamu. Walimu wangu wa Misri walikuwa wamebishana miaka na miaka juu ya mahali fahamu inapoanza na inapoishia, na wote walikuwa na vifua vizima. Je, si mimi niliyepewa mlango? Nikaandika namba za majaribio, saa, hali ya ulimi, hali ya macho. Niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa maandishi madogo, kama mtu anayetarajia kuchapishwa. Mlevi wa tembo ni mkweli kuliko mimi; yeye husema amelewa. Sababu yenyewe haimo katika ukurasa hata mmoja. Nilitaka baba ageuke.

Kopo la hospitali halikutosha. Nilikuwa nimeona mbegu ndani yake, na siku moja nikitembea bondeni Msimbazi, mahali pa jalala, niliiona tena ndani ya tunda lenye miiba. Mnanaha. Mmea ule umejaa pale, mbuzi hula kila kitu kando yake na wao wenyewe huukwepa. Nilichuma. Na moshi ulipoacha kumleta baba karibu, nikaanza kuloweka majani kwenye maji na kuyanywa, jambo ambalo Eliakimu alinikataza kwa lugha ambayo hata mbuzi angeielewa.

Sitaeleza zaidi jinsi nilivyofanya, na anayetaka kujua aende akamuulize mbuzi. Nitaeleza nilivyokuwa. Ulimi ulikauka ukawa kama kipande cha ngozi. Sikuweza kusoma hata bango la duka. Moyo ulidunda kana kwamba unataka kutoka utafute mwenyewe mwingine. Na kila mara nilimwona baba, na kila mara aliketi na mgongo ule ule. Jaribio la tisa alisogeza bega. Niliishi wiki mbili kwa bega lile.

Vuli ilianza. Zuwena alinishika kidevu akanigeuzia dirishani.

"Macho yako yamekuwa meusi matupu. Kama ya paka."

"Ni dawa."

"Dawa ya kifua inatafuta nini machoni?" Akaniachia. "Na huko chumbani unaongea na nani?"

"Nasoma kwa sauti."

"Na kitabu kinakujibu? Maana unanyamaza, unasubiri, halafu unaendelea."

Alikaa kitandani, akakunja upande wa kanga yake, akaukunjua. "Kaka zangu wanasema nirudi Pangani kwa muda. Nimewaambia mume wangu anaumwa. Usinifanye mwongo."

Badala ya kuacha, nilitafuta maficho bora. Nilihitaji chombo ambacho hakuna mtu wa nyumba ile angekigusa, hata Zuwena. Na kilikuwapo, mbele ya macho yangu, kwenye shubaka, kimefunikwa kawa. Alhamisi moja Mwalimu alipokwisha kuondoka nililimimina kombe kwenye shina la mdimu kwa mkono wangu, nikatia maji ya majani yangu katika bakuli lile lile. Rangi ilikaribiana. Harufu haikukaribiana, nikaongeza maji ya waridi. Nilijisifu; kwamba kila Ijumaa adhuhuri nililikuta tupu, akili iliyolowekwa mnanaha haikunikumbusha. Nilipanga kunywa Ijumaa nikitoka msikitini, duka likiwa limefungwa, nyumba imetulia. Jaribio la kumi na nne.

Ijumaa ile nilirudi nikipita Mnazi Mmoja, kanzu imelowa kidogo kwa manyunyu, nikimuwazia baba. Niliingia chumbani. Bakuli lilikuwa limeoshwa na kupinduliwa.

"Zuwena! Bakuli nani kachukua?"

"Mama," akaitikia kutoka jikoni. "Kama kila Ijumaa."

Nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka chini ya mdimu. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu. Vidole vyake vilikuwa vikivuta uzi hewani, vikiutia katika sindano isiyokuwapo, kwa uangalifu mkubwa, na alikuwa akizungumza na mtu aliyekuwa amekaa, kwa kadiri nilivyoweza kukisia, juu ya ndoo.

"Mama. Shikamoo, mama."

Alinitazama kwa macho yale meusi matupu. Yalikuwa macho yangu. "Mwambie aondoe miguu," akasema. "Ananikanyagia kazi."

Wanawake wa jirani walikuwa wameshaingia. Mmoja alisema ni pepo, mwingine alisema ni pepo wa baharini, wakaanza kubishana ni wa kabila gani, na wa tatu akatoka kwenda kumwita fundi mwenye ngoma zake. Zuwena alikuwa amepiga magoti akishika mikono ya mama itulie. Alinitazama juu.

"Kwenye bakuli kulikuwa na nini?"

"Kombe," nikasema.

Neno moja. Ninyi wenzangu mnajua thamani ya pumzi ya neno moja. Ile niliitumia hivyo, na mama akapoteza muda wa kupika wali mzima huku wanawake wakimpepea na kumsomea. Nilisimama pale nikijiambia itapita, kwangu ilikuwa ikipita. Halafu nikaweka sikio kifuani kwake. Moyo ulikuwa unakimbia bila hatua. Yeye alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mwenye mwili nusu ya wangu.

"Hospitali," nikasema.

Tulimpandisha rikisha na Zuwena akamshika. Mimi na Mwalimu Abushiri, ambaye alikuja mbio na kofia mkononi, tulifuata kwa miguu. Sikufika mbali. Kabla ya kumaliza uwanja wa Mnazi Mmoja kifua kilifunga. Mwalimu alinikamata kwapa, mtu mzima kuliko mimi, akanikokota kama gunia huku akisoma kimyakimya.

Eliakimu alikuwa mlangoni. Mama alikuwa amelazwa kwenye lile benchi, watu wameliachia lote.

"Amekula nini?"

"Amekunywa kombe," akasema Zuwena. "Basi."

"Nani kalitengeneza?"

"Mimi," akasema Mwalimu.

Eliakimu alimgeukia na mikono yake mikubwa. "Umetia nini humo?"

"Zafarani, maji ya waridi na maneno ya Mungu. Kipi kati ya hivyo kinakutia shaka, kijana?"

"Mzee, mimi sitanii. Huyu mama ana sumu. Nakuuliza mara ya mwisho kabla sijamwita daktari na askari."

Mwalimu alivaa kofia yake polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Miaka thelathini alikuwa ameandika makombe Kariakoo nzima. Watu wa benchini walikuwa wakimtazama, na niliona mmoja, ambaye mtoto wake alisoma kwake, akiangalia chini.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ukweli ulikuwa kooni, upepo wa kuusukuma haukuwapo. Nilishika nguzo yangu, nikavuta, nikavuta, na kilichotoka kilikuwa filimbi. Eliakimu alidhani naomba dawa, akasema, "Ngoja, mzee wa Misri, wewe unajua foleni." Nikajipiga mfukoni. Nikalitoa daftari, nikamtupia.

Alilifungua, akaligeuza juu chini. "Kiarabu," akasema. "Sikisomi."

Zuwena alilichukua mkononi mwake.

Alianza kulisoma kwa sauti, pale pale, mbele ya wapagazi na akina mama na Mwalimu Abushiri, kwa ile sauti ya chuoni ya kutoruka herufi. "'Jaribio la kwanza la maji. Ulimi mkavu. Fahamu inaelea juu ya mwili kama taa juu ya mafuta.'" Akafunua. "'Jaribio la tisa. Baba amesogeza bega la kushoto. Zuwena amenisemesha, nimemjibu kama mwenye akili timamu. Hakutambua.'" Akaniangalia. "Nilitambua," akasema, akafunua tena, haraka sasa, mpaka ukurasa wa mwisho wenye wino. "'Alhamisi. Nimeondoa kombe katika bakuli, nimetia maji ya mnanaha wa Msimbazi. Nimeongeza maji ya waridi yasinuke. Humu nyumbani hakuna atakayeligusa.'"

Alipofika 'mnanaha' Eliakimu alikuwa ameshambeba mama mikononi na anaita jina la daktari kwa nguvu ya nyumba nzima.

Waliosha tumbo lake. Mimi nilichomwa sindano ya kifua, nikarudishwa benchini, nikakaa hapo siku tatu, nikitoka kwa sala tu. Daktari Mzungu alipita mara mbili akasema kuna kusubiri. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia mama. Alizungumza mchana kutwa, akagombana, akacheka. Halafu usiku wa pili akanyamaza, na zikabaki pumzi zake peke yake. Nilianza kuzifuata. Moja. Nyingine. Halafu pengo. Nilijikuta nimezuia zangu mpaka yake irudi. Ndivyo nilivyohamia chumba cha pili, ndugu zangu, na ndipo nilipojua kwamba kwa miezi minane, mimi nilipokuwa naumwa, kulikuwa na watu wawili nyumbani kwangu walioumwa kuliko mimi.

Mwalimu Abushiri alikuja kuketi karibu nami asubuhi ya pili.

"Nilitaka kukukasirikia," akasema. "Lakini naona kuna mkeo mbele yangu, na mama yako, na yule Mchaga. Nitangoja zamu yangu."

"Mwalimu, nisamehe."

"Kombe langu ulilimwaga wapi?"

"Kwenye mdimu."

"Pasafi?"

"Pasafi."

"Mdimu utazaa," akasema, akanisukumia kikombe cha kahawa alichonunua kwa muuzaji wa nje.

Siku ya tatu adhuhuri mama aliuliza duka kaachiwa nani. Eliakimu alitoka kuniambia. Hakuniita mzee wa Misri. Alisema, "Kabla ya kuingia nipe kopo langu." Nikampa. Akalifungua, akahakikisha, akalitia mfukoni. "Kuna vidonge. Vinatetemesha mikono, lakini havimleti mtu. Utakuja kuvichukua kimoja kimoja hapa, utavimeza nikiona." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, kiangazi kizima, mtu wa shahada akifungua mdomo na kuonyesha chini ya ulimi.

Mama alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda. Macho yake bado hayakushika vitu vya karibu. Siku kumi zaidi hakuweza kutunga sindano. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Nikauliza lile nisilolitayarisha.

"Mama, ulimwona baba?"

"Nani?"

"Siku mbili ulikuwa ukizungumza. Nilidhani ni yeye."

"Nilikuwa nagombana na kuku," akasema. "Mweupe. Alikuwa amekalia ndoo, amevaa kofia ya kiua, hataki kutoka."

"Baba hakuja?"

"Baba yako nilimshika mkono mpaka ukapoa ndani ya wangu. Aje kutafuta nini?" Alitafuta uso wangu kwa macho yale yasiyoshika, akakosea kidogo, akazungumza na sikio langu. "Miaka yote hii tangu urudi hukuniuliza alikufaje. Ukaenda kuliuliza jani."

Nikaushika mkono wake.

"Ilikuwa alasiri," akasema. "Alilalamika mto mgumu. Nikaugeuza. Akauliza, meli ya barua imeingia? Nikamwambia imeingia. Haikuwa imeingia. Akasema, basi mtoto yu salama. Akalala."

Nililia, na anayejua pumu anajua kwamba kulia ni anasa. Alinisubiri nimalize na kifua kishuke.

"Na wewe, mama," nikasema, "kwa nini ulikunywa? Lilikuwa kombe langu."

"Kombe halimwagwi."

"Lakini kila Ijumaa?"

"Tangu masika. Nilikuwa nalikuta limejaa. Nikasema, mwanangu amesoma sana, haoni njia ya kulinywa, naye anazama. Mtu mmoja nyumbani lazima alinywe kwa niaba yake."

Hayo yote yamepita, ni masika mawili sasa. Pumu inakuja mawingu yanapokusanyika na inaondoka mvua ikishika. Vidonge na sindano vinaikabili, na vikikosa, kuna ile nguzo. Mabega yameshuka kidogo. Zuwena amezishusha pindo za kanzu nyuma, akasema hatazifungua tena hata nikinyooka kama mlingoti. Hakwenda Pangani. Daftari analo yeye. Alizikata kurasa zangu akazichoma jikoni chini ya chungu cha maharage, na kurasa nyeupe zilizobaki anaandikia barua kwa kaka zake. Bonde la Msimbazi nalipita kwa njia ya juu.

Mtaniuliza nimejua nini kuhusu fahamu. Nimejua kwamba ya kwangu ilikwenda kutafuta baba jalalani, wakati aliyemshika mkono alikuwa amekaa chini ya mdimu, hatua kumi kutoka kitandani kwangu, akinisubiri niulize. Kwa mwenye pumu nina wosia mmoja tu: ukipewa dawa ya kifua, itumie kwa kifua. Na kwa walio chumba cha pili, hata huo sina. Nawapa shikamoo.

Mwalimu Abushiri bado huja Alhamisi. Zamu yake ya kunikasirikia haijafika, anasema foleni ni ndefu. Ijumaa asubuhi mama huingia chumbani bila kubisha, huketi ukingoni mwa kitanda, na kuniondolea kawa. Kama kombe linafungua kifua sijui, sina daftari. Nalishika bakuli kwa mikono miwili na kunywa. Ni tamu kidogo, na baridi, na zafarani hubaki kwenye meno.

Ijumaa ya kwanza baada ya hospitali nilipomaliza aliniangalia bado.

"Geuza," akasema.

Nikaligeuza bakuli juu ya kiganja chake. Halikudondosha kitu.

"Alhamdulillahi," akasema mama yangu, akapangusa kiganja kikavu kwenye kanga. "Leo nimepumzika."